St James's Park, London

Bustani kongwe ya kifalme katikati ya London, Uingereza, yenye hekta 23 hivi, iliyorithi jina la hospitali ya wanawake wenye ukoma, ambayo nguruwe wake walilishwa katika kinamasi kilichokuwa hapo kabla Mfalme Henry VIII hajaitwaa ardhi mwaka 1532, akafuga humo kulungu wa kuwindwa na kujenga kasri mahali pa wagonjwa. James I, aliyetawazwa mwaka 1603, aliamuru kinamasi kikaushwe, akaweka ngamia na mamba. Charles II akachimba mfereji ulionyooka na kuwaruhusu raia kuingia, ihsani inayostahili kukumbukwa kuliko fahari zote za wafalme hao. Msanifu majengo John Nash aliugeuza mfereji kuwa ziwa lenye kupindapinda katika miaka ya 1820.

Mwenye kuzuru, ambaye hatozwi kiingilio, na asimame kwenye daraja la ziwa hilo, aone Buckingham Palace upande wa magharibi na majumba ya Whitehall mashariki. Kisha alasiri awatazame ndege aina ya mwari, ambao wa kwanza wao walikuwa hidaya ya balozi wa Urusi mwaka 1664, wakidaka samaki, mfuko wa kidevu ukitanuka na kutikisika mpaka wammeze.