Yai la Umeme la Paris

Msomaji, kama umepata kusukuma mkokoteni uliojaa magunia ya viazi, basi kiini cha insha hii unakijua tayari, maana kimekwisha kupita mikononi mwako. Mkokoteni ukisha kushika mwendo katika njia iliyo sawa huonekana mtiifu. Taabu iko mahali pawili: unapouondoa hali umesimama, na unapofika mlimani. Hapo kila kilo iliyomo hudai haki yake kwa jasho. Shusha gunia moja, na jasho hupungua papo hapo. Sasa nataka twende pamoja katika mji wa Paris, miaka zaidi ya themanini iliyopita, tukatazame jinsi watu wachache walivyolazimishwa na dhiki kuifikiria motokaa kama msukuma mkokoteni aufikiriavyo mzigo wake.

Tarehe 14 Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris. Nchi ya Ufaransa haikuwa na visima vya mafuta vya kutosheleza haja zake; petroli yake ilikuja kwa meli, na sasa njia za bahari zilikuwa zimefungwa na vita. Kidogo kilichobaki kilichukuliwa na jeshi. Raia hakuweza kuendesha motokaa yake mwenyewe bila ya kibali, na vibali vilikuwa adimu kama nyama. Barabara pana zilizozoea kishindo cha magari usiku na mchana zikawa kimya, hata mlio wa kengele ya baiskeli ukasikika kutoka mbali.

Watu wengi walikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa reli ipitayo chini ya ardhi. Hili nataka ulishike mpaka mwisho, usije ukadhani kuwa nasimulia habari za mji mzima. Wenye malori walifunga nyuma ya magari yao mitambo mfano wa mapipa makubwa, wakachoma ndani yake kuni au makaa, na hewa iliyotoka humo ikaendesha injini badala ya petroli. Badala ya teksi zilitokea baiskeli zenye kukokota kibanda kidogo cha abiria. Katika hali hiyo ndipo baadhi ya mafundi walipoukumbuka umeme.

Nasema walipoukumbuka, kwa kuwa motokaa ya umeme haikuwa jambo geni. Mtu wa kwanza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika motokaa, Camille Jenatzy wa Ubelgiji, aliufikia mwendo huo tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, katika gari la umeme. Lakini gari lile lilikuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa betri. Ndiyo ila iliyouandama umeme tangu siku zile. Betri za zama hizo zilitengenezwa kwa risasi, nami nina maana ya madini, si ile ya bunduki. Na risasi ni nzito kupita chuma.

Ngoja tufanye hesabu kidogo, kwa sababu bila ya hesabu hii habari inayofuata itaonekana kama mchezo wa watoto. Umeme tunaununua kwa uniti. Kilo moja ya petroli ina nguvu ya kama uniti 12. Kilo moja ya betri ya risasi ya wakati ule ilibeba kama sehemu tatu tu za mia za uniti moja. Kwa hiyo petroli ilikuwa na nguvu mara mia nne kwa uzito ule ule! Ni kweli kwamba injini ya petroli ni mbadhirifu: katika sehemu nne za nguvu inazopewa, sehemu tatu au zaidi hupotea bure kuwa joto na moshi, na mota ya umeme ni mwaminifu, hurudisha sehemu nane au tisa katika kila kumi. Lakini hata baada ya kumpa mwaminifu sifa yake yote, petroli ilibaki na ushindi wa mara mia moja.

Fundi mwenye haraka angesema, “Basi, tuongeze betri.” Hapo ndipo penye mtego. Betri zikiongezwa, gari huwa zito. Likiwa zito, hutaka fremu nene, breki kubwa na magurudumu ya nguvu. Hayo nayo huongeza uzito, na uzito huo hudai betri nyingine. Mtu aweza kuzunguka katika duara hilo mpaka gari limebeba betri kwa ajili ya kubeba betri. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, nao ni kuanza upande wa pili: kupunguza gari lenyewe, hata betri chache zitoshe.

Kampuni ya Peugeot ilipita mlango huo. Tarehe 1 Mei 1941 ilitangaza kigari kilichoitwa VLV, herufi zenye maana ya gari jepesi la mjini. Kilikuwa cha watu wawili, hakina paa gumu, na magurudumu yake ya nyuma yalikaribiana sana hata kwa mbali ungedhani ni matatu badala ya manne. Betri nne za volti 12 zilikaa mbele, mahali pa injini. Uzito wake wote ulikuwa kama kilo 350. Kilikwenda mwendo wa kilomita 36 kwa saa, na kwa betri zilizojaa kiliweza kufika kama kilomita 80. Vigari hivyo 377 vilijengwa, kisha makatazo yakauandama uundaji wake, kwani risasi na madini mengine yalitakiwa vitani.

Mwenzake katika kazi hii hakuwa kampuni, bali mtu mmoja. Jina lake Paul Arzens, aliyezaliwa mwaka 1903, naye alikuwa mchoraji wa picha kabla ya kuwa mjenzi wa magari. Kabla ya vita alipenda makubwa, akajitengenezea motokaa ndefu iliyoitwa Nyangumi. Mwaka 1942 mtu huyo huyo alitoa kitu kilicho kinyume kabisa cha Nyangumi. Kilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma; mwili wake ulikuwa wa aluminiamu iliyofuliwa kuwa mviringo, na mbele yake ilikuwa plastiki angavu kama kioo, iliyopindwa hata waliokaa ndani walionekana kama walioketi ndani ya tone la maji. Watu waliliita Yai la Umeme, na ukiitazama picha yake hutatafuta jina jingine.

Tazama uzito wa Yai hilo, maana humo ndimo ilimo akili yake. Mwili na fremu vilikuwa kilo 60 tu. Pamoja na mota, kilo 90. Zilipopakiwa betri zikawa 350. Basi gari lenyewe halikuwa hata theluthi ya uzito wote. Lilikuwa kama chungu aliyebeba punje ya mahindi. Likiwa na mtu mmoja liliweza kufika kilomita 70 kwa saa, na safari yake ilikuwa ya kama kilomita 100 kabla ya kuhitaji umeme tena. Nikikisia kwa hesabu yetu ya hapo juu, betri za kilo 260 zilibeba kama uniti 8. Yaani uniti 8 kwa kilomita 100. Motokaa ya petroli inayokunywa lita 7 kwa kilomita 100 inatumia nguvu ya kama uniti 63 kwa mwendo ule ule. Motokaa nyingi za umeme za leo, pamoja na elimu yote iliyopatikana, hutumia uniti 15 hata 20.

Hata hivyo tusimpe Arzens sifa zaidi ya haki yake. Yai halikuwa na moto wa kupasha miguu, wala mahali pa mizigo, wala nafasi ya mtoto. Na kama lingegongana na lori, plastiki ile isingemkinga mtu. Wepesi una gharama yake, na mwenye gari jepesi huilipa kwa baridi, kwa mwendo wa pole na kwa hofu. Zaidi ya hayo, Yai lilikuwa moja. Katika mji wa mamilioni ya watu, magari haya yote ya umeme yalikuwa kama chumvi kidogo katika sufuria kubwa.

Alikuwako pia mhandisi mashuhuri Jean-Albert Grégoire, aliyeunda motokaa ya umeme yenye fremu ya aluminiamu ya kuyeyushwa. Mwaka 1942 alitoka Paris akaenda hata Tours, safari ya zaidi ya kilomita 250, bila ya kujaza betri njiani, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 42 kwa saa. Ni ajabu kubwa kwa siku zile. Lakini mimi naona kwamba safari ile ilikuwa ya kuwashangaza watu, na magari yale madogo ya mjini ndiyo yaliyokuwa na la kutufundisha.

Fikiri maisha ya mtu aliyekuwa na kigari kama kile cha Peugeot, mathalan mganga mwenye wagonjwa katika mitaa mbalimbali. Kilomita 80 ni nyingi kwa siku moja ya mjini, ikiwa atapanga safari zake kabla ya kutoka: mgonjwa wa mbali kwanza, kisha wale wa njiani wakati wa kurudi. Usiku kigari hutiwa umeme, na baada ya siku kadhaa betri huongezwa maji safi. Barabarani mguu wake hujifunza adabu mpya. Akiona msongamano mbele, huachia mapema, gari likaenda kwa nguvu iliyo nayo, badala ya kukimbia kisha kukanyaga breki. Kwa kuwa kila breki hutupa umeme alioukusanya usiku kucha. Ajapo kupanda mlima huuchagua ulio mpole, hata kama njia yake ni ndefu kidogo. Siku za baridi kali betri za risasi hupoteza sehemu ya nguvu zake, na zile kilomita 80 hupungua bila ya mtu kuibiwa. Dereva wa petroli husahau haraka gharama ya mwendo wake, kwa sababu huilipa mara moja katika wiki. Huyu aliiona katika sindano ya kipimo kila alipotoka nyumbani.

Kisha hata umeme ukakoma. Katika majira ya joto ya mwaka 1944 makaa ya mawe hayakufika tena Paris kama ilivyopaswa, umeme ukawa wa saa chache tu kwa siku, na ile reli ya chini ya ardhi ikasimama. Gari linalotumia kidogo haliwezi kuishi kwa kutopewa kitu. Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti 1944, na petroli ikarudi pole pole, kwa mgao kwanza, kisha kwa wingi. Magari ya umeme yakaachwa kama vile mtu aachavyo viatu vya kuazima.

Walakini fikira ya wepesi haikufa siku ile. Katika maonyesho ya magari ya Paris ya mwaka 1948 kampuni ya Citroën ilionyesha motokaa iitwayo 2CV, yenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 375 na uzito usiofika kilo 500, ikachukua watu wanne na mizigo yao ya shamba. Ilikuwa ya petroli, lakini ilijua siri ya mkokoteni.

Na mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilitoa kigari cha umeme kiitwacho Ami. Kina watu wawili, uzito wa kilo 485, betri ya uniti tano na nusu, mwendo wa kilomita 45 kwa saa, na safari ya kilomita 75. Linganisha tarakimu hizi na zile za mwaka 1941, nawe utaona kwamba baada ya miaka themanini wamerudi karibu mahali pale pale, ila betri sasa ni ndogo na hazitaki maji. Nchini Ufaransa kijana wa miaka 14 aweza kupata ruhusa ya kukiendesha. Nadhani wewe msomaji umelishika jambo hilo kuliko mengine yote niliyoyasema. Hapa kwetu pikipiki za umeme za bodaboda katika barabara za Nairobi zinafuata kanuni ile ile: betri yake ni ya uzito ambao mtu aweza kuuinua kwa mikono na kuibadilisha kituoni.

Yai la Arzens limehifadhiwa hata leo katika makumbusho nchini Ufaransa. Yuko na mwenzake wa siku hizi, motokaa kubwa ya umeme ya Marekani iitwayo Hummer, yenye uzito wa zaidi ya kilo 4,000. Betri zake peke yake ni kama kilo 1,300. Ukizitia katika mizani, na upande wa pili ukapanga Mayai matatu kamili pamoja na betri zao, bado mizani italala upande wa Hummer, na itabaki nafasi ya Arzens mwenyewe na abiria wake wawili.