Dalili za kisukari zinazojitokeza usiku

Mtu anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, naye akawa na kiu isiyokatika hata baada ya kunywa maji, anafaa kupimwa kiwango cha sukari katika damu.

Sukari inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirejesha yote katika damu. Hutoka kwenye mkojo ikivuta maji mengi, na ndiyo sababu kiu huzidi. Kujinyima maji ili kulala bila kuamka hakuondoi tatizo. Huzidisha tu ukavu mwilini.

Dalili nyingine ni nyayo kufa ganzi au kuchoma kama moto usiku, ishara kwamba huenda neva zimeanza kudhurika.

Kwa watoto, tahadhari ni kubwa zaidi. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena huku akinywa maji mno na kukonda, hastahili kuadhibiwa wala kuaibishwa. Apelekwe hospitalini siku iyo hiyo, kwani kisukari cha aina ya kwanza huweza kumzidia katika muda wa siku chache. Akitapika au kuhema kwa kasi, hiyo ni dharura.

Hata hivyo, kukojoa usiku huweza pia kusababishwa na ujauzito, tezi dume iliyotanuka au maambukizi katika njia ya mkojo. Kipimo cha damu ndicho hubainisha ukweli: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi baada ya kukaa saa 8 bila kula, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.