Herufi za Mvule Mpakani

Nilishika patasi kabla ya brashi. Fundi mzee wa Busia alinifundisha kuchonga vibao vya maduka kwa mvule, mti unaoota pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda na unaowashinda mchwa. Lakini mvule una mawe: vipande vigumu vya chokaa vilivyojificha ndani ya mbao. Patasi ikigonga hapo, makali yamekwisha, unarudi kwenye jiwe la kunolea.

Tulipiga mstari kwa uzi wa chaki, tukachora kwa penseli, kisha tukachimba kila herufi kama mfereji mwembamba ambao kuta zake hukutana chini. Rangi ikichujuka, herufi bado inasomeka kwa kivuli cha jua. H ni rahisi. O ndiyo mtihani, maana patasi inazunguka, inakata nyuzi kwa upande, halafu inakwenda kinyume cha nyuzi, na ukilazimisha ubao unachanika. Kibao changu cha kwanza kilisema POSHO. O zote mbili zilichanika. Nilianza upya, na mzee hakunisaidia.

Wapanda baiskeli waliovusha abiria wakiita "boda, boda" hawakuhitaji mbao. Kwao tuliandika kwa rangi ya mafuta. Wenye hoteli za madereva wa matrela huko Malaba, mji mwingine wa mpakani, ndio walioagiza mvule.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa Februari 2018, mabango ya plastiki yalikuwa yameshatawala. Yanachapishwa upesi, yanapauka upesi. Patasi zangu bado nazinoa.