Karafuu ya Babu na Programu ya Mpwa

Marehemu babu yangu aliamini kuwa karafuu ya Pemba haina mshindani duniani. Kwa zama zake hakukosea. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na kwa miaka mingi visiwa vyetu vikatawala soko la dunia. Mnunuzi wetu mkubwa akawa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao za kretek. Basi mnunuzi huyo akapanda mikarafuu yake mwenyewe, na katika miaka ya 1980 bei yetu ikaanguka. (Tusilalamike mno, asili ya mti wenyewe ni huko kwao, visiwa vya Maluku.)

Niliyakumbuka haya juzi, mpwa wangu alipokuja uso umemsawijika. Ameishi miaka sita kwa programu yake ya hesabu za maduka. Sasa mteja wake mkubwa ameiagiza akili mnemba imtengenezee ya kwake.

"Na wenye maduka madogo?" nikamwuliza.

"Hao, mjomba, hunipigia simu daftari la madeni lisipolingana. Huenda nikakaa nao mpaka usiku."

"Huwatoza kiasi gani?"

Akacheka. Hajawahi kuwatoza hata shilingi.