Waliomlisha Msafiri Kabla ya Kanisa Kufika

Sisi waamini wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tumezoea kuanza historia ya imani yetu kule Nasa, kwenye Ghuba ya Speke. Hapo wamisionari wa CMS walifungua kituo mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa African Inland Mission. Ni mwanzo wa haki kwa historia ya kanisa. Lakini tukianzia hapo tu, tutadhani wema kwa mgeni nao uliletwa na meli. Haukuletwa. Tuliukuta nyumbani.

Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na watu 356, wengi wao wapagazi na askari wa Kiafrika. Walipoacha Ugogo kuelekea kaskazini, viongozi wa njia waliokodiwa wakatoroka, na njia yenyewe ikapotelea katika vichaka vya miiba. Chakula kikaisha. Baadhi ya wapagazi walifia porini. Stanley akageuza sanduku la chuma kuwa sufuria, akakoroga uji mwepesi wa shayiri kwa watu zaidi ya 200, huku wengine wakitumwa mbio hadi Suna, katika nchi ya Wanyaturu, kutafuta nafaka. Nafaka ya Suna ndiyo iliyowainua.

Msafara uliendelea kwa taabu, kwa maradhi na kwa vita, hadi ukaingia Usukuma. Huku walikuta mifugo, mazao na watu waliowapokea kwa amani. Tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103, walifika Kageyi kando ya ziwa, na mtemi Kaduma akawapa mahali pa kukaa. Baadaye Stanley alizunguka ziwa kwa mashua, akapita mlango wa mto wetu Simiyu na kuuhesabu miongoni mwa vyanzo vya Nile vya upande wa kusini. Jina la mto likaingia vitabuni. Majina ya akina mama waliotwanga nafaka ile hayakuingia.

Tusifiche upande mwingine. Mwezi huohuo wa Januari, baada ya Suna, msafara ulipigana na wenyeji wa Vinyata, na vijiji vikachomwa. Tena safari kama hizo ndizo zilizotangulia wakoloni. Basi je, waliowalisha walikosea? Hatusemi hivyo. Aliyekosea ni yule aliyeshiba akasahau mkono uliomlisha. Mwenye njaa hana budi kulishwa. Atakachofanya akishapata nguvu, ataulizwa yeye.

Luka analieleza jambo la namna hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Meli yenye watu 276 ilivunjika karibu na kisiwa cha Melita. Wenyeji hawakuwa wamesikia Injili, wala hawakujua kwamba miongoni mwa wafungwa wale alikuwamo Mtume Paulo. Mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali, wakawasha moto. Kanisa lilipokelewa pale kama mgeni aliyelowa maji, kabla halijahubiri neno lolote.

Wazee wetu nao walikuwa na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa kaya hadi kaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, sungusungu waliutumia kote Usukuma. Anayesikia hutoka, asiyetoka hutozwa faini. Hakuna anayeruhusiwa kusema, "Si ng'ombe wangu."

Leo barabara ya lami inapita Lamadi, Bariadi na Maswa, lakini ukiiacha wakati wa masika, ule udongo mweusi wa mbuga bado unameza magurudumu. Bado vijana huacha kulima wakaja kusukuma gari la mtu wasiyemjua. Hilo ni jema. Lakini tunajua pia kuna wanaoona gari limepinduka wakakimbilia mzigo kwanza, majeruhi baadaye. Tarehe 10 Agosti 2019, kule Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka. Zaidi ya 100 wakafa. Tunawalilia, wala hatuwahukumu: umaskini ni mwalimu mkali. Ila tujiulize sisi, tunapofika penye ajali, mkononi tumeshika nini: dumu au machela?

Msamaria wa Luka 10 alibeba mafuta ya kumwagia majeraha. Basi tuwafundishe watoto wetu kwamba aliyekwama njiani ni mwano hata akiwa hana sauti, na sisi tuliobatizwa tusiwe wa mwisho kutoka.