Nyumbu Hachagui Kisichokuwepo

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina ua upande wa mjini, lakini upande wa kusini iko wazi. Huko mpaka ni mto Mbagathi tu, na ng'ambo ya mto ndiko zinakoanza tambarare za Athi-Kaputiei. Zamani mambo yalikwenda hivi: mvua ikinyesha, nyumbu walivuka mto wakaelekea kusini kuzalia kwenye nyasi fupi, kiangazi kikikaza, walirudi mbugani kwa sababu humo maji hayakauki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walikaribia 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000.

Ukiuliza waliendapi, majibu yako mengi: ujangili, ukame, mji kupanuka. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini kuna swali lingine, la takwimu, ambalo limenishika tangu nikiwa chuoni. Chuo nilikiacha kabla ya digrii, swali halikuniacha. Mnyama akionekana mahali, tunajuaje kwamba amepachagua?

Sehemu ya historia ya swali hili imeandikwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilianzisha kitengo cha KREMU, ambacho leo kinaitwa DRSRS. Ndege ndogo ziliruka chini kwa mistari iliyonyooka, na watu ndani yake wakahesabu wanyama kwenye ukanda uliopimwa, pundamilia hadi ng'ombe. Miaka hiyo hiyo Mike Norton-Griffiths aliandika mwongozo wa kazi hiyo, na ukachapishwa Nairobi. Hesabu za angani zilijibu maswali mawili, wangapi na wapi. Swali la kwa nini hapo na si pale lilibaki.

Mwaka 1980 Mmarekani Douglas Johnson alionyesha pale penye mtego. Kutumia mahali si sawa na kupapenda, alisema, na jibu lako litategemea umehesabu nini kuwa kilikuwepo cha kuchaguliwa. Mwaka 1993 Bryan Manly na wenzake wakatoa kitabu kizima cha hesabu hizo.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Nyumbu amevaa kola ya GPS, na kola imerekodi pointi 100. Pointi 60 zimeangukia nyasi fupi. Je, anapenda nyasi fupi? Kama nyasi fupi ni asilimia 20 ya eneo lake, basi ndiyo, anazitafuta mara tatu zaidi ya bahati. Kama ni asilimia 60, hajali, anatembea tu. Na kama ni asilimia 90, anazikwepa! Mnyama ni yule yule, pointi ni zile zile, na bado tumepata hadithi tatu. Kilichobadilika ni mstari ambao mtafiti aliuchora kuzunguka neno "kilichopo".

Modeli zenyewe hufanya hivyo kwa upana zaidi. Pointi za kola hupewa 1. Pointi za kubahatisha, zilizotupwa ndani ya eneo lile, hupewa 0. Kisha kila pointi hupimwa umbali wake kutoka kwa maji, barabara na ua, pamoja na ukijani wa nyasi unaosomwa na setilaiti. Hesabu hutafuta kinachozitenganisha 1 na 0. Mwaka 2010 watafiti, akiwemo Jared Stabach, waliwavisha kola nyumbu 36 katika sehemu tatu za Kenya: Loita, Amboseli na hapa Athi-Kaputiei. Sehemu hizo zilichaguliwa kwa sababu shughuli za binadamu hazikulingana.

Sasa jiulize: kile "kilichopo" Athi-Kaputiei, nani alikiamua?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai kwenye malisho makubwa ya Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili. Ule wa 1911 ukawaondoa wa Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka 1946 mbuga ikatangazwa, kilomita mraba 117, kipande kidogo tu cha nchi ambayo nyumbu walihitaji. Miaka ya 1980 ranchi ya jamii ya Kitengela ikagawanywa, kila familia na hatimiliki yake. Ploti zikauzwa, seng'enge ikafuata. Si haki kumlaumu baba aliyeuza ekari mbili alipe karo. Mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiweke ua ulikubali jambo hilo waziwazi: njia ya nyumbu ina gharama, na kuna mtu anayeilipa.

Ukiichora ramani yako leo ndani ya mbuga na ploti zilizobaki wazi, modeli itakuambia nyumbu wanaipenda mbuga. Ukiichora kwa nchi ya 1970, itakuambia wamebanwa. Hesabu haidanganyi popote hapo. Imejibu ulichoiuliza.

Binadamu wa mji huu nao walisomwa hivyo hivyo. Kuanzia karibu 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Makao ya Waafrika yalipangwa mashariki, kuanzia Pumwani. Ungewavisha kola wakazi wa Pumwani mwaka 1930, modeli ingekuambia wanaipenda sana Pumwani, na Muthaiga hawaitaki kabisa. Hata leo, mimi ninayeishi Mountain View na jirani yangu wa Kangemi tunapanda matatu zile zile za Waiyaki Way, halafu watu husema eti kila mtu huishi anapopenda.

Kuna mahali ambapo mstari ulirudishwa nyuma. Tembo wa Mlima Kenya na wale wa Ngare Ndare na Lewa walikuwa wametenganishwa na mashamba na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Njia ikajengwa chini ya barabara hiyo, karibu na Timau, na mwanzoni mwa 2011 tembo wakaanza kupita. Modeli ya miaka ya nyuma ingeonyesha kwamba hawapatumii mahali pale. Kumbe nia ilikuwepo muda wote, njia ndiyo iliyokosekana.

Basi ukisikia utafiti unasema mnyama huyu anapendelea hapa, usibishane na hesabu kwanza. Omba kuonyeshwa ramani, kisha uliza ni ya mwaka gani.