Migogoro ya hataza kuhusu dawa na mbinu za kuzuia kukataliwa kwa kiungo

Migogoro hii ni kesi za kugombea haki ya kipekee ya kutengeneza, kuuza au kutumia dawa, vipimo na mbinu zinazouzuia mwili usiishambulie figo, ini au moyo uliopandikizwa. Kesi nyingi zimesikilizwa Marekani.

Dawa iliyobadilisha upandikizaji ni siklosporini. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, akiwa likizoni, alichota udongo katika nyanda za Hardangervidda, Norwei. Kuvu iliyokuwamo ndiyo iliyotoa dawa hiyo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Norwei haikupata fungu lolote. Sirolimusi nayo ilitokana na udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, uliokusanywa na msafara wa Kanada mwaka 1964. Msomaji wa Katanga, nchini Kongo, ambako shaba ilichimbwa na kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, huenda asishangae kwamba mwenye udongo hakupata fungu. Hataza hailindi udongo. Hulinda alichokibuni mtu kutokana nao.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa haukuwa juu ya siklosporini yenyewe bali juu ya namna ya kuimeza. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri majini, na toleo la kwanza lilifyonzwa na utumbo bila mpangilio: kipimo kilekile kingemtosha mgonjwa leo na kumpungukia kesho. Toleo la Neoral lilitibu kasoro hiyo kwa kuigawa dawa katika matone madogo mno ya mafuta. Kampuni ya Abbott ilipoleta toleo lake, Gengraf, Novartis, mrithi wa Sandoz, iliishtaki. Hataza ilidai kiyeyushi cha mafuta. Abbott ilitumia kitu chenye tabia ya sabuni, kinachounganisha mafuta na maji. Baraza la wazee wa mahakama liliipa Novartis ushindi, jaji akautengua, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikakubaliana na jaji. Tofauti ya kiungo kimoja cha mchanganyiko, basi.

Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ya rufaa ilithibitisha ubatili wa hataza za Chuo Kikuu cha Stanford, zilizotumiwa na kampuni ya CareDx, za kutambua dalili za kukataliwa kwa kupima DNA ya mtoaji katika damu ya mpokeaji. DNA hiyo huongezeka yenyewe kiungo kinapokataliwa, jambo la asili tu, na mbinu za kuipima zilikuwa za kawaida.

Nje ya Marekani mambo ni mengine. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 haitoi hataza kwa mbinu za tiba, ingawa dawa inayotumika katika mbinu hizo inaweza kupewa.

Hataza ya Marekani haina nguvu Naviundu wala kwingineko Lubumbashi. Tena, kwa uamuzi wa Shirika la Biashara Duniani wa 2015, nchi zenye maendeleo duni zaidi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi 2033. Uamuzi huo haufuti wenyewe hataza iliyotolewa na nchi. Kwa Kongo, sheria inayohusika ni ile ya mali ya viwandani ya tarehe 7 Januari 1982.